Binti wa miaka 17 kwenye benchi la kliniki

Kadi ya kliniki anayopewa mjamzito nchini Tanzania ina sehemu ya vidokezo vya hatari, na miongoni mwa vidokezo hivyo umo umri wa mama kuwa chini ya miaka 20. Muuguzi akiweka alama hapo, maana yake ni kwamba mjamzito huyo anastahili kufuatiliwa kwa karibu zaidi na kushauriwa mapema kuhusu mahali pa kujifungulia. Kwa kipindi fulani nilikuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi ya zahanati moja katika Bonde la Ziwa Rukwa, kwao na mama yangu, na suala la kadi za mabinti lilikuwa likirudi mezani kila tulipokutana. Alama ilikuwepo karibu kila tulipoitafuta. Kilichonishughulisha ni hatua inayopaswa kufuata baada ya hapo, kwa sababu kwa kawaida haikuwepo: foleni ilikuwa ileile, maswali yalikuwa yaleyale anayoulizwa mama wa watoto watano, na tarehe ya kurudi iliandikwa kama inavyoandikwa kwa mtu mwingine yeyote.

Takwimu za taifa, zikisomwa haraka, zinaleta matumaini, na sehemu ya matumaini hayo ni ya haki. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito, ilhali utafiti wa 2015/16 ulikuta asilimia 27. Mkoa wa Katavi, uliokuwa juu ya orodha mwaka ule kwa asilimia 45, ulishuka hadi 34, lakini Songwe nao ukapanda kileleni kwa asilimia 45, na Rukwa yetu ikawa na asilimia 30. Kwa upande wa kliniki, wanawake waliohudhuria mara nne au zaidi waliongezeka kutoka asilimia 51 hadi 65, na walioanza ndani ya miezi mitatu ya kwanza kutoka asilimia 24 hadi 34. Hizi za mwisho ni hesabu za wanawake wa rika zote. Zinatueleza mjamzito amefika mara ngapi, na hazitujulishi kama presha yake ilipimwa kila alipofika, kama mkojo wake ulipimwa, wala kama aliondoka akiwa ameelewa lolote. Anayetaka kujua ubora wa huduma hana budi kutafuta majibu hayo kwenye benchi lenyewe.

Nililikalia benchi hilo kwa sababu ya binti wa dada yangu. Alipata mimba akiwa kidato cha tatu, na kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa, mimi mama yake mdogo ndiye niliyempeleka kliniki. Alikuwa na miaka 17. Mimba aliificha chini ya sweta la shule na kanga za nyumbani mpaka ilipokaribia mwezi wa sita. Aliyempa mimba, kijana aliyekuwa akinunua samaki ziwani na kuwapandisha mjini kuwauza, aliondoka bondeni mara tu watu walipoanza kutaja kifungo cha miaka 30.

Kifungo hicho kipo kweli. Sheria ya Elimu ilifanyiwa mabadiliko mwaka 2016, na anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30 jela. Sina sababu ya kuwatetea wanaume wazima wanaowarubuni wanafunzi, na natamani wangefikishwa mahakamani wengi zaidi. Hata hivyo, anayeangalia mambo kutoka upande wa kliniki ataona jambo ambalo waliotunga sheria pengine hawakulifikiria. Familia nyingi hupendelea kuyamaliza nyumbani: wazee wanakaa kikao, mwanamume anatoa fidia au anaahidi kuoa, na binti anahamishiwa kwa shangazi au bibi katika kijiji kingine mpaka mambo yapoe. Wakati huo wote haendi kliniki, kwa kuwa kwenda kliniki ni kuandikwa kitabuni, na kuandikwa ni kuacha ushahidi. Hata anapofika hatimaye, swali la kwanza la kitabibu, yaani lini aliona hedhi ya mwisho, analisikia kama swali la polisi. Tarehe ile inaonyesha kama alikuwa bado anasoma. Kwa hiyo anadanganya, au anasema hakumbuki.

Hapo ubora wa huduma unaanza kuporomoka kabla mtu yeyote hajafanya kosa. Umri wa mimba ndio unaopanga karibu kila kitu: lini aanze kumeza dawa za kuzuia malaria, lini ionekane kwamba mtoto amedumaa tumboni, lini asogezwe karibu na hospitali, lini isemwe kwamba siku zimepita. Mjini tarehe ikikosekana kuna kipimo cha mawimbi ya sauti, ambacho kikifanywa mapema hukadiria umri wa mimba kwa usahihi mkubwa. Zahanati ya bondeni ina mikono ya mkunga na utepe wa kupimia kimo cha tumbo, na vyote viwili vinafanya kazi nzuri pale tarehe inapojulikana. Kwa binti aliyeanza kuvunja ungo miaka michache tu iliyopita na ambaye hedhi zake bado hazijatulia, tumbo dogo laweza kumaanisha mimba changa kuliko ilivyodhaniwa, mtoto asiyekua vizuri, au mama mwenye utapiamlo. Mkunga anakisia, anaandika tarehe ya matarajio, na tarehe hiyo ya kukisia ndiyo inayotawala miezi yote iliyobaki.

Lakini kabla ya kufika kwa mkunga tulikwama mlangoni. Mhudumu aliyekuwa akipanga kadi aliuliza, mbele ya benchi zima, «Mwenza wako yuko wapi?» Binti aliinama. Nikaeleza kwamba hayupo. Tukaambiwa, kwa upole wa kutosha, twende kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji tukachukue barua ya kuthibitisha kwamba binti huyu hana mwenza, kisha turudi. Utaratibu huu unajulikana katika zahanati nyingi za Tanzania, na asili yake ni nzuri: mjamzito na mwenza wake wapimwe pamoja virusi vya UKIMWI na kaswende, ili mtoto akingwe na asitibiwe mmoja huku mwingine akibaki na maambukizi. Lengo lilikuwa kumvuta mwanamume aingie kliniki. Baadhi ya vituo vimeligeuza kuwa sharti, na sharti hilo huwaangukia zaidi wale wasio na mwanamume wa kumleta, ambao wengi wao ni mabinti. Mke wa miaka thelathini ambaye mumewe yuko machimboni Chunya anaweza kumwambia mwenyekiti hivyo bila kuona haya. Binti wa miaka 17 anapaswa kusimama mbele ya mzee anayemfahamu baba yake na kumweleza kwamba aliyempa mimba amekimbia. Wangapi hurudi na barua ile, na wangapi hurudi nyumbani moja kwa moja?

Kuna kinaya hapa ambacho nadhani hakijasemwa vya kutosha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Lakini mlangoni pa kliniki aliyeolewa akiwa na miaka 16 anapita vizuri kuliko asiyeolewa mwenye 18. Anaye mwanamume wa kumtaja, anaitwa mke wa fulani, na hakuna anayemuuliza alikuwa na haraka ya nini. Mwili wake ndio mchanga zaidi na hatari yake ndiyo kubwa zaidi, na bado ni yule wa pili anayekaripiwa. Kliniki, bila kukusudia, inaizawadia ndoa ileile ambayo mahakama imeikataa.

Turudi ndani ya chumba. Orodha ya mambo anayostahili mjamzito si ndefu wala ya anasa: presha, uzito, wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, kaswende, virusi vya UKIMWI, malaria, chanjo ya pepopunda, dawa ya minyoo, vidonge vya kuongeza damu, dawa ya SP ya kukinga malaria, na chandarua chenye dawa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliongeza idadi ya mahudhurio yanayopendekezwa kutoka manne hadi manane, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12. Kwa kipimo cha virusi vya UKIMWI sheria ya Tanzania ilirekebishwa mwaka 2019 ili aliyefikisha miaka 15 aweze kuridhia mwenyewe bila mzazi, na hilo, niseme kweli, ni moja ya mabadiliko yaliyofanya kazi haraka hadi ngazi ya kijiji. Siku ile binti yetu alipimwa kwa ridhaa yake, na mimi niliombwa nisubiri nje.

Kilichokosekana ni stripu za mkojo, vile vipande vya karatasi vya kupimia mkojo. Ziliisha, tukaambiwa, na zingeletwa mwezi unaofuata. Mtu asiyejua anaweza kuona ni jambo dogo. Kifafa cha mimba huwapata zaidi wanawake wanaobeba mimba ya kwanza, na mabinti karibu wote wapo katika kundi hilo. Dalili zake za mwanzo hazimuumizi mtu: presha inapanda kimyakimya baada ya wiki ya 20, protini inaanza kutoka kwenye mkojo, na mwenyewe anajiona mzima. Maumivu makali ya kichwa, kuona maruerue na kuvimba uso huja baadaye, na degedege likija bondeni, wapo ambao bado hulipeleka kwanza kwa mganga kabla ya zahanati, wakidhani ni mapepo. Sindano ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege hilo, inaweza kuanzishwa hata zahanati kabla ya rufaa, ila inamfaa yule tu aliyefikishwa. Kwa hiyo kipande kile cha karatasi chenye rangi ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumwona mgonjwa kabla hajaugua, na ndicho kilichokuwa kikiisha mara kwa mara kuliko kitu kingine katika zahanati yetu. Katika vikao vya kamati tulijadili rangi ya ukuta kuliko tulivyojadili stripu.

Malaria nayo ina upande wake kwa mimba ya kwanza. Mwanamke aliyekulia bondeni ana kinga fulani dhidi ya malaria, ambayo humfanya aumwe kidogo. Mimba ya kwanza inapoingia, vimelea hupata mahali papya pa kujificha kwenye kondo la nyuma, ambapo kinga yake ya zamani haifui dafu. Kinga ya huko hujengeka kadiri anavyozidi kuzaa. Ndiyo maana mama wa mtoto wa nne anaweza kupita msimu wa mpunga salama wakati binti wa mimba ya kwanza, anayelala chumba kile kile, anapungukiwa damu na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Dawa ya SP hutolewa kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, dozi moja kila baada ya mwezi au zaidi, na inatakiwa apate angalau dozi tatu. Aliyeanza mwezi wa sita ana nafasi finyu sana, na akikuta dawa hazipo mara moja tu, hesabu yake inavunjika.

Vidonge vya kuongeza damu vipo karibu wakati wote. Havimezwi. Nilimkuta binti yetu na pakiti nzima chini ya mto, na alipoulizwa alisema vinamfanya apate choo cheusi, naye alidhani mtoto anaharibika tumboni. Hakuna aliyemwambia kwamba weusi ule ni madini ya chuma na kwamba ni jambo la kawaida, wala kwamba akimeza kidonge pamoja na chai ya asubuhi sehemu kubwa ya faida yake inapotea. Maelezo hayo yanahitaji dakika mbili. Yapo kwenye elimu ya afya inayotolewa asubuhi kwa benchi zima, lakini binti wa miaka 17 aliyejifunika kanga mpaka usoni, akiomba tu asitambuliwe na mama wa mwanafunzi mwenzake, hasikilizi somo na wala hanyooshi mkono kuuliza kuhusu choo. Elimu ile huwafundisha pia makundi ya vyakula. Nyumbani kwa dada yangu, kama ilivyo katika nyumba nyingi, aliyeleta aibu hupakuliwa mwisho.

Ningependa niwe mwangalifu kuhusu umri wenyewe, kwa sababu hofu ya umri hutumika kukaripia zaidi kuliko kusaidia. Kwa msichana wa miaka 13 au 14 hatari ni ya mwili moja kwa moja: nyonga haijakomaa, uchungu unaweza kupingana, yaani mtoto akashindwa kupita, na uchungu pingamizi usiopata upasuaji kwa wakati huua au huacha fistula, tundu linalovujisha mkojo au kinyesi. Kwa mwenye miaka 18 au 19 picha ni tofauti. Sehemu kubwa ya hatari yake inatokana na kwamba ni mimba ya kwanza, ni maskini, ameanza kliniki kwa kuchelewa, na anakula vibaya. Mambo hayo, ukiacha lile la kwanza, yanarekebishika. Anayemwambia binti wa miaka 18 kwamba «umejiua mwenyewe» amemtisha kwa jambo asiloweza kulibadilisha, na amenyamaza kuhusu yale anayoweza.

Na mkunga? Ni rahisi kuandika makala kama hii na kumfanya yeye awe mkosaji. Katika zahanati ninayoizungumzia, muuguzi mkunga alikuwa mmoja kwa muda mrefu, akisaidiwa na mhudumu mmoja asiyesomea ukunga. Siku ya kliniki ya wajawazito huyo huyo alikuwa akichanja watoto, akizalisha kama kuna mwenye uchungu, na jioni akijaza vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za afya, ambavyo kila kimoja kina safu zake nyingi. Alikuwa na maneno makali, ndiyo. Nilimsikia akimwambia msichana mmoja, «Ulipokuwa unayafanya hukujua kuna kliniki?» Nilimsikia pia, usiku wa mvua, akibishana kwa simu kwa zaidi ya saa moja ili gari lishuke bondeni kumchukua msichana huyo huyo. Mfumo unaompima kwa idadi ya waliohudhuria, bila kumuuliza hata mara moja alikaa na kila mmoja dakika ngapi, umemfundisha kuokoa muda, na lugha kali huokoa muda.

Rufaa ndiyo sehemu ambayo alama ya umri kwenye kadi inagharimu fedha. Binti yetu aliandikiwa asijifungulie zahanati. Kutoka bondeni kwenda Sumbawanga mjini ni kupanda ukingo wa Lyamba lya Mfipa, barabara ambayo wakati wa masika hata pikipiki huikwepa. Huduma ya uzazi katika vituo vya serikali haina malipo kwa mujibu wa sera, lakini mjamzito anakwenda na glovu, mpira wa kutandika, wembe, kibanio cha kitovu na vitenge vyake, kisha kuna nauli, chakula cha anayemsindikiza, na siku za kusubiri. Baadhi ya hospitali na vituo vina nyumba ya kusubiria, wengi wanaiita chigonela, ambako mama anayekaribia siku zake hukaa mpaka uchungu uanze. Ni mpango mzuri kabisa kwa mtu ambaye tarehe yake inajulikana na ambaye kuna mtu wa kumletea chakula. Kwa aliyeandikiwa tarehe ya kukisia, wiki mbili za kusubiri zinaweza kuwa tano, na familia nyingi humrudisha nyumbani katikati. Tangu mwaka 2022 mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, unaopigiwa simu bila malipo kwa namba 115, umeanza kuenezwa nchi nzima, ukitumia magari ya wagonjwa na madereva binafsi waliosajiliwa. Ni hatua kubwa. Lakini umewekwa kwa ajili ya dharura, na haumsogezi binti karibu na hospitali kabla hatari haijaanza.

Mkunga yule alihamishwa, akaja mwingine, kijana zaidi. Mambo mawili aliyabadilisha bila kuomba fedha kwa mtu. La kwanza, aliacha kumtuma mtu yeyote kwa mwenyekiti. Mwenye mwenza aliombwa amlete, asiye naye alihudumiwa, na jambo hilo liliulizwa chumbani na mlango ukiwa umefungwa. La pili, aliwapangia mabinti wa mimba ya kwanza mchana wa siku moja ya wiki, benchi likiwa limeshakuwa tupu, wakakaa pamoja wenyewe kwa wenyewe, naye akazungumza nao kuhusu choo cheusi, uchungu, maziwa, njia za uzazi wa mpango baada ya kujifungua, na shule. Hilo la shule lilikuwa jipya kwa wengi, ingawa serikali ilitangaza Novemba 2021, kupitia kwa aliyekuwa Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, kwamba wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurejea darasani. Binti asiye na sababu ya kuficha kwamba alikuwa mwanafunzi ana sababu moja pungufu ya kuficha tarehe ya hedhi yake, na mkunga huyo aliniambia kwamba tarehe anazoandika siku hizi anaziamini zaidi.

Stripu za mkojo zimeendelea kuisha. Kamati ilikubali mwishowe kwamba zinunuliwe kutoka kwenye fedha za kituo pale bohari inapochelewa, na kwa miezi kadhaa zilinunuliwa, kisha fedha ikaenda kwenye betri ya sola. Mimi sipo tena kwenye kamati hiyo. Mwenyekiti wa sasa ni mwanamke aliyezaa mtoto wake wa kwanza akiwa na miaka 16, na nimeambiwa kwamba katika kikao chake cha kwanza stripu ndizo zilizoongoza ajenda, na suala la ukuta likasukumwa mpaka kikao kingine.